Figo linalobaki: miaka 10 baada ya upasuaji wa roboti

Hotuba iliyotolewa Lubumbashi mbele ya wauguzi, madaktari wa vituo vya afya na familia za wagonjwa

Jambo yenu wote. Wandugu, papa na mama mliotoka mbali, wauguzi wa Katuba, Kampemba na Ruashi, madaktari wenzetu: asanteni kwa kuja.

Familia inapokaa na karatasi ya skana mkononi, swali la kwanza huwa hili: je, roboti inaponya kansere ya figo kuliko mkono wa daktari? Hebu tulijibu mapema ili lisitusumbue hadi mwisho. Kwa upande wa kansere yenyewe, haiponyi zaidi. Uvimbe uliokatwa vizuri tumbo likiwa wazi na uliokatwa vizuri kwa roboti hurudi kwa viwango vinavyokaribiana sana. Ukitaka kujua mtu atakuwaje baada ya miaka 10, uliza mambo mawili: ni kiasi gani cha figo kilichobaki mwilini kikiwa hai, na nani anakilinda baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Hapa kwetu jambo hilo lina uzito wa pekee. Mafigo yakichoka kabisa ni dializi, mara 3 kwa wiki, karibu saa 4 kila mara, maisha yote au mpaka mtu apandikizwe figo la mwingine. Familia zinazoweza kubeba mzigo huo hata mwaka mmoja ni chache.

Tuelewane kwanza tunazungumzia uvimbe upi. Uvimbe wa figo wa watoto wadogo ni ugonjwa mwingine, wenye dawa zake na utaratibu wake. Mtoto ambaye tumbo lake linavimba upande mmoja apelekwe kwa daktari wa watoto leo hii. Sisi tuko kwa mtu mzima. Siku hizi wengi hugunduliwa bila dalili yoyote. Mama amekwenda ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) kwa ajili ya mawe ya nyongo, na mpimaji anaona kitu cha sentimita 3 kwenye figo la kushoto. Zile dalili tatu tulizofundishwa shuleni, yaani damu kwenye mkojo, maumivu ya ubavu na uvimbe unaoshikika kwa mkono, zikikutana zote kwa mtu mmoja, mara nyingi uvimbe umeshakuwa mkubwa.

Uvimbe usiozidi sentimita 4, ukiwa bado ndani ya figo, huitwa T1a. Ukizidi 4 hadi 7 ni T1b, ukipita 7 ni T2, na ukiingia kwenye mshipa wa vena ya figo au kwenye mafuta yanayolizunguka ni T3. Kukata sehemu tu ya figo ni upasuaji wa T1 hasa, na wa baadhi ya T2 kwa mikono iliyozoea. Kuna jambo ambalo familia hazielezwi vya kutosha: kati ya uvimbe 5 wenye sentimita 4 au chini ya hapo, karibu 1 si kansere kabisa. Ni onkositoma, au ni uvimbe wa mafuta ambao mafuta yake ni machache hata skana haikuyaona. Tena uvimbe mdogo wa namna hii hukua polepole, kwa wastani milimita 3 hivi kwa mwaka. Kwa mzee wa miaka 80 mwenye moyo dhaifu, kuupima tu kila baada ya miezi 6 ni matibabu halali. Asiuze kiwanja kwa hofu ya juma moja.

Zamani kanuni ilikuwa moja: kansere ya figo, toa figo zima pamoja na mafuta yake na tezi iliyokaa juu yake. Daktari Robson aliuweka wazi utaratibu huo mwaka 1963, nao ukatawala kwa miongo. Watu waliwaza hivi: anayemtolea ndugu yake figo anaishi vizuri na moja, basi na mgonjwa wa kansere ataishi vivyo hivyo. Hapo walikosea. Anayejitolea figo huchaguliwa. Hana tansio (shinikizo la damu lililopanda), hana sukari, mkojo wake hauna protini. Mgonjwa wa kansere hajachaguliwa na mtu. Mara nyingi amepita miaka 60, amevuta sigara, ana unene, ana tansio, na mambo hayo matatu ya mwisho ndiyo yaleyale yanayoongeza hatari ya kupata kansere hii.

Mwaka 2006 Huang na wenzake wa New York walichapisha hesabu ya wagonjwa 662 wenye uvimbe wa sentimita 4 au chini, wenye mafigo yote mawili na kreatinini, yaani taka ya damu inayopimwa kujua kazi ya mafigo, iliyoonekana ya kawaida. Walipokokotoa uchujaji, yaani mililita ambazo mafigo husafisha kwa dakika moja, ambazo kwa kijana mwenye afya ni 100 hivi, asilimia 26 walikuwa tayari chini ya 60, yaani mafigo yameshadhoofika, kabla kisu hakijawagusa. Baada ya miaka 3, waliokuwa bado hawajaanguka chini ya 60 walikuwa asilimia 80 kati ya waliokatwa sehemu, na asilimia 35 tu kati ya waliotolewa figo zima.

Lakini haki inatudai tuseme na upande wa pili, kwa sababu kuna utafiti mmoja mkubwa wa Ulaya ambao wagonjwa 541 wenye uvimbe wa sentimita 5 au chini waligawanywa kwa kura, kati ya 1992 na 2003: hawa figo zima, hawa sehemu. Baada ya miaka 10, waliokuwa hai ni asilimia 81.1 upande wa figo zima na asilimia 75.7 upande wa sehemu. Yaani waliohifadhiwa figo hawakuishi zaidi. Matokeo hayo yaliwashtua wengi, na mpaka leo yanajadiliwa. Tazama lakini vifo vyenyewe: kati ya watu 117 waliofariki, 12 tu waliuawa na kansere ya figo. Wengine walikwenda na mambo mengine, magonjwa ya moyo na mishipa yakiwa mbele. Na kwa upande wa uchujaji, walioanguka chini ya 60 walikuwa asilimia 85.7 kwa figo zima na 64.7 kwa sehemu. Chini ya 30, asilimia 10.0 na 6.3, chini ya 15, kule kunakopeleka watu dializi, 1.5 na 1.6, sawasawa.

Sisi tunayasoma hivi. Figo lililopungua kwa kisu peke yake, kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine, huweza kutulia miaka mingi palepale liliposhukia. Linaloendelea kuteremka ni lile lenye tansio au sukari juu yake. Kwa hiyo mtu mwenye tansio, au sukari, au protini kwenye mkojo, au figo la pili lisilo zima, huyo ndiye wa kupiganiwa kila gramu. Mtu wa miaka 75 mwenye uvimbe mgumu katikati ya figo, na figo la pili safi, akitolewa figo zima hajaonewa.

Utafiti huo wa kura ulikuwa wa tumbo wazi. Roboti iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1990 daktari Clayman, kule St. Louis, Marekani, alitoa figo zima kwa kamera na matundu madogo, na ndani ya miaka michache wengine wakaanza kukata sehemu kwa njia hiyohiyo. Ugumu ukawa kwenye kushona. Vyombo vile ni vijiti vilivyonyooka, picha ni bapa, na ateri ya figo imebanwa huku saa inakwenda. Waliomudu walikuwa wachache. Matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha: wagonjwa wengi wenye uvimbe mdogo walipata kovu dogo na kupoteza figo zima, kwa sababu kulitoa lote kwa kamera kulikuwa rahisi kuliko kulishona. Roboti ya da Vinci iliruhusiwa Marekani mwaka 2000, na mwaka 2004 Gettman na wenzake wakachapisha wagonjwa 13 wa kwanza waliokatwa sehemu ya figo kwa mashine hiyo. Ilileta kiwiko kidogo cha mkono kinachozunguka ndani ya tumbo, picha yenye kina iliyokuzwa kama mara 10, na mikono isiyotetemeka. Haikati yenyewe. Daktari amekaa kwenye kiti hatua chache pembeni, na kila mwendo wa chombo ni mwendo wa vidole vyake. Pembeni ya mgonjwa kuna msaidizi wa kufyonza damu na kuweka vibanio, na usiku mwema wa mgonjwa unategemea sana huyo msaidizi ambaye jina lake halitajwi.

Sasa tuingie chumbani. Mgonjwa amelala ubavu, upande wenye uvimbe juu. Tumbo limejazwa hewa ya ukaa kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Utumbo mpana unasukumwa kando, mrija wa mkojo unatafutwa na kufuatwa kwenda juu mpaka mlango wa figo, pale ateri na vena zinapoingia. Ateri inasafishwa kwa uangalifu, maana ikiwa kuna ya pili iliyojificha nyuma (na huwa ipo kwa watu wengi), daktari atabana moja, atakata, na damu itaendelea kububujika. Ndiyo sababu skana ya kabla ya upasuaji ipigwe kwa dawa ya mishipa na isomwe na mpasuaji mwenyewe, asitegemee karatasi ya maelezo tu. Mafuta juu ya figo yanafunguliwa mpaka ngozi yake ionekane. Kwa watu wenye unene na tansio mafuta hayo huganda kama gundi, na hapo saa nzima inaweza kupotea. Kipimo kidogo cha ekografi kinaingizwa ndani na kuwekwa juu ya figo lenyewe, na mpaka wa uvimbe unachorwa kwa moto wa umeme.

Kisha kibanio kinawekwa juu ya ateri na mtu anatangaza saa. Figo moja hupokea karibu nusu lita ya damu kila dakika. Sasa halipati kitu. Mkasi baridi, bila moto, unafuata mstari ukiacha milimita chache za nyama nzima kuuzunguka uvimbe. Moto ungechoma ukingo, na mpima nyama asingeweza kusema kama kansere imeguswa. Uvimbe unanyanyuka, unabaki shimo lenye midomo midogo ya mishipa na, mara nyingine, ufa kwenye kikombe cha mkojo, yaani nafasi iliyo ndani ya figo inayopokea mkojo. Uzi wa kwanza, mwembamba, unashona chini ya shimo: unafunga mishipa na kikombe. Wengi hufungua kibanio hapo hapo, wakaona kinachovuja kwa macho, wakakishona, kabla ya kushona tabaka la nje. Tabaka hilo la nje hufungwa kwa uzi mnene wenye klipu ndogo za plastiki zinazosukumwa kwenye uzi mpaka midomo ya figo ikutane. Ukikaza mno uzi unakata nyama ya figo kama waya unavyokata sabuni, au unanyonga mishipa ya sehemu iliyokuwa nzima. Ukilegeza, damu inavuja usiku. Mwishoni shinikizo la hewa linashushwa makusudi, kwa sababu hewa ile ilikuwa inakandamiza mishipa midogo. Shimo likikaa kavu na hewa ikiwa chini, ndipo mtu anafunga.

Dakika ngapi kibanio kikae? Kwa muda mrefu tulishika 25 kama mpaka, na ni mpaka mzuri kuukumbuka. Hata hivyo, kilichoonekana miaka ya karibuni ni kwamba kinachoamua zaidi hali ya figo baadaye ni nyama iliyobaki na jinsi ilivyoshonwa. Kwa mikono mizuri, figo lililokatwa hubaki na asilimia 80 hivi ya kazi yake, na ukijumlisha mafigo yote mawili mtu hupoteza asilimia 10 tu au karibu na hapo. Daktari aliyewahi dakika 15 lakini akashona nyuzi nene pana kupita kiasi amepoteza alichokiokoa.

Kuhusu kansere kurudi: kwa T1 iliyokatwa sehemu kwa roboti, zaidi ya watu 95 kati ya 100 hawajafa na kansere hiyo miaka 5 baadaye, na kurudi palepale ilipokatwa ni kwa wachache, asilimia chache tu. Ukilinganisha na tumbo wazi, roboti hupunguza damu inayopotea, siku za kulala hospitali na matatizo ya kidonda. Ukilinganisha na kamera bila roboti, muda wa kubana ateri hupungua, na wachache zaidi hugeuziwa mpango wakiwa mezani. Tahadhari moja: sehemu kubwa ya hesabu hizi haikugawanywa kwa kura. Uvimbe rahisi ulipelekwa kwenye roboti, ule mgumu ukabaki kwa tumbo wazi, halafu namba zikawekwa bega kwa bega. Ndiyo maana tangu 2009 kuna alama ya Kutikov na Uzzo inayopima ugumu: ukubwa wa uvimbe, umejitokeza nje au umezama, umekaribia kikombe cha mkojo kwa milimita ngapi, uko mbele au nyuma, uko ncha au katikati. Jumla ya 4 hadi 6 ni rahisi, 7 hadi 9 wastani, 10 hadi 12 mgumu. Mwombe daktari akuandikie alama hiyo. Matokeo ya mtu mwenye 5 hayamhusu mwenye 11.

Sasa jambo ambalo tungeomba kila familia ya hapa ilishike, kwa sababu linahusu barabara. Wagonjwa wetu wanaofanyiwa na roboti hufanyiwa mbali: wengine kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa, wengine India. Siku ya 2 au ya 3 wanatoka hospitali, wanatembea, wanakula, na ndugu wanasema turudi, hoteli inakula pesa. Subirini. Katika kitanda cha uvimbe kunaweza kubaki ateri ndogo iliyojeruhiwa, imezibwa na damu iliyoganda tu. Baada ya wiki 1 au 2 damu ile inayeyuka, ateri inatoboka na kufanya kifuko, na kifuko kinapasukia kwenye njia ya mkojo. Hutokea kwa mtu 1 au 2 kati ya 100. Mkojo ambao ulikuwa umeshasafika unageuka mwekundu ghafla, wenye mabonge. Mtu anazunguka kichwa, ubavu unauma. Matibabu yake ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye ateri ya paja mpaka ndani ya figo na kuiziba ateri ile moja kwa kizibo kidogo cha waya. Pasipo na mashine hiyo, mara nyingi linalobaki ni kufungua tumbo na kutoa figo zima, yaani kupoteza kile kile mtu alichokisafiria. Kwa hiyo kaeni siku 14 karibu na hospitali iliyopasua, na siku hizo ziingie kwenye bajeti tangu mwanzo, kabla ya tiketi.

Wauguzi, mgonjwa mwenye mkojo huo mwekundu akiwafikia akiwa ameshavuka mpaka: msimpe dawa ya maambukizi na kumrudisha nyumbani. Weka sindano 2 nene za mishipa, pima hemoglobini, tafuta kundi la damu na chupa zinazolingana, mpira wa mkojo wa njia 3 kama kuna mabonge, na pigieni aliyepasua wakati mambo hayo yanaendelea.

Mkojo pia unaweza kuvuja kupitia mshono, mara chache zaidi. Maji yakitoka mengi kwenye mrija wa ubavuni, yapimwe kreatinini. Ikiwa juu sana kuliko ya damu, ni mkojo. Mara nyingi huwekwa mrija wa ndani kutoka figo hadi kibofu na uvujaji hukauka wenyewe. Shida huja baadaye: mgonjwa anarudi na mrija ule, hakuna aliyemwambia, na baada ya mwaka umejaa mawe na haung'oleki. Mrija huo hutolewa baada ya wiki chache, usipite miezi 3. Ulizeni kwa maneno haya haya: mmeacha kitu chochote ndani yake?

Na hata klipu zile za plastiki. Kwa nadra, miezi au miaka baadaye, moja huhama ikaingia njia ya mkojo na jiwe kujijenga juu yake. Si chuma, kwa hiyo picha ya eksirei haiionyeshi. Vilevile ile pamba ya kuzuia damu inayoachwa kwenye shimo: skana ya wiki za kwanza inaionyesha kama jipu lenye hewa, na kuna watu waliokaribia kufunguliwa tena kwa ajili yake. Ripoti ya upasuaji ikitaja pamba hiyo, daktari wa hapa atatulia. Kama mgonjwa hana homa wala maumivu, apimwe tena baada ya wiki kadhaa.

Ripoti hiyo basi. Mgonjwa asitoke huko bila karatasi ya upasuaji yenyewe, ile ndefu, yenye dakika za kibanio, upande, vilivyoachwa ndani na damu iliyopotea. Asitoke bila picha za skana kwenye diski au flashi, za kabla. Na matokeo ya nyama iliyopimwa hutoka mtu akiwa ameshaondoka, kwa hiyo acheni namba ya simu na jina la atakayeyafuata. Humo mtasoma aina: ya seli angavu ni kama robo tatu ya zote, kisha ya papila, kisha ya kromofobu. Mtasoma daraja la 1 hadi 4, na ukingo kama ni safi. Ukingo ulioguswa na kansere hutokea kwa wachache. Haumaanishi kurudi mezani kesho. Wengi wao kansere hairudi, lakini hao wafuatwe kwa karibu zaidi, hasa wa daraja la juu.

Skana ya kwanza ya tumbo na picha ya kifua zipigwe kati ya mwezi wa 3 na wa 6 baada ya upasuaji. Hiyo inakuwa picha ya msingi ya kovu, ya kulinganishia nyingine zote. Kisha kila miezi 6 hadi 12 mwanzoni, kila mwaka mpaka wa 5, halafu kwa nafasi kubwa zaidi. Kwa T1a ya daraja la chini ekografi nzuri inaweza kushika zamu baadhi ya miaka. Msiache kabisa baada ya miaka 5: kansere hii ina tabia ya kukaa kimya na kutokea mwaka wa 8, au wa 12, kwenye mapafu, mifupa au figo la pili. Mtu aliyefanyiwa 2016 akija leo na kikohozi kisichoisha au maumivu ya mfupa usiku, mwambieni daktari habari ya figo, hata kama yeye mwenyewe ameshaisahau.

Kreatinini peke yake inadanganya. Mama wa miaka 60 mwenye kreatinini ya 1.1 atapewa karatasi isiyo na alama nyekundu. Kwa fomula ya 2021 uchujaji wake ni kama 57. Fomula ya 2009, ambayo ilimwongezea kila mtu mweusi asilimia 16, ingempa 63 na kumwambia yuko salama. Watafiti wa Kinshasa na Abidjan walionyesha mwaka 2019 kwamba nyongeza hiyo haitufai Waafrika. Wenzetu wa maabara, angalieni mashine zenu zinatumia fomula ipi.

Protini kwenye mkojo kwa bandeleti (kijiti cha kuchovya kwenye mkojo), kila miezi 6, ni kipimo cha bei ndogo na kinaweza kuona shida mapema. Tansio iwe chini ya 130 kwa 80. Na maumivu ya mgongo yatibiwe kwa parasetamoli. Tunajua diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila kona ya mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo bila karatasi, na mtu aliyekatwa figo huzimeza wiki nzima kwa ajili ya kiuno. Tafadhalini, mwenye duka akiona kovu au akiambiwa, asimuuzie. Wale mnaofanya kazi za kusafisha vyuma kwa vimumunyisho kwenye karakana: triklorethileni imetambuliwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa inasababisha kansere ya figo. Chombo kikiwa na jina hilo, msinawe nacho mikono, na msikifungue ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Mwisho kuhusu pesa. Roboti moja hununuliwa kwa dola kama milioni 2, vyombo vyake vina idadi ya matumizi, 10 kwa kawaida ya zamani na 12 hadi 18 kwa baadhi ya vipya, kisha mashine yenyewe inavikataa. Gharama hiyo inafika kwa mgonjwa. Mpasuaji aliyezoea kukata sehemu ya figo kwa tumbo wazi atampa kansere iliyotoka vilevile na figo lililobaki vilevile. Mgonjwa atalipa kwa kidonda kikubwa ubavuni, damu zaidi, siku zaidi kitandani, na pengine misuli ya ubavu iliyolegea. Muulizeni yeyote atakayeshika kisu: kwa mwaka unakata sehemu ya figo mara ngapi, na ni wangapi uliowaahidi sehemu ukaishia kuwatoa figo zima? Kama ni uvimbe wa sentimita 3 pembezoni mwa figo, na anayekupa roboti anataka kutoa figo lote huku wa tumbo wazi anaweza kukata sehemu, sisi tungelala kwa wa tumbo wazi.

Kwenye meza karibu na mlango kuna mashine 2 za tansio na kopo la bandeleti. Waliowahi kupasuliwa figo na wenye figo moja watangulie. Vikombe vya mkojo viko kwa mama aliyevaa kitenge cha bluu.